Malori Makubwa Kwenye Uwanja wa Biashara Yako: Mwongozo Kamili wa Kuegesha kwa Makubaliano, Kutoka Nakuru Hadi Malaba

Lori la kwanza liliingia kwenye uwanja wetu wa vifaa vya ujenzi, nje kidogo ya Nakuru upande wa kwenda Salgaa, usiku wa mvua, na hakuna aliyelikataza. Alfajiri likaondoka. Wiki iliyofuata yaliingia mawili, na baada ya miezi michache yakawa ni ya kila usiku, huku mlinzi wetu akipokea pesa getini kwa jina la biashara ambayo haikuwa na habari. Nililijua jambo hilo siku ambayo ekseli za nyuma za trela lililobeba saruji zilivunja mfuniko wa tangi la majitaka na kuzama hadi kwenye fremu. Dereva alisema ameruhusiwa, mimi nikasema sikumruhusu, na sote wawili tulikuwa tukisema kweli.

Mwongozo huu unamhusu mwenye hoteli, kituo cha mafuta, ghala, mashine ya kusaga au duka la vifaa ambaye uwanja wake uko kando ya barabara kuu na malori yanauhitaji. Unamhusu pia dereva. Karibu kila ugomvi wa aina hii nilioushuhudia ulianza na kimya: mwenye mali alinyamaza kwa huruma au kwa kutojali, dereva akakichukua kimya kile kuwa ruhusa, na ruhusa isiyo na saa ya mwisho ikageuka kuwa mazoea. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha moja, nayo ni kuhakikisha kwamba kabla injini haijazimwa, mtu mwenye mamlaka amesema ndiyo au hapana, na jibu lake limeandikwa.

Mahitaji yenyewe ni ya kweli. Barabara ya A8 inapitisha mizigo kutoka Mombasa kupitia Mai Mahiu, Gilgil, Nakuru, Eldoret na Webuye hadi Malaba, na tawi linaloachana nayo pale Mau Summit linapita Kericho, Awasi, Ahero na Kisumu hadi Busia. Mizigo hiyo ni ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, tangu marekebisho ya mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa ishirini na nne. Maana yake ni kwamba sheria inamlazimu apumzike mahali fulani, na ukingo wa barabara si mahali pa kulala. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwagonga wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa yamesimama kando ya barabara, na zaidi ya watu hamsini walifariki. Anayempa dereva mahali salama ndani ya ua anamwondoa yeye na wengine kwenye hatari kama hiyo, mradi ajue anachokifanya.

Hatua ya kwanza: Pima uwanja kabla ya kupima faida

Wenye ploti wengi husema wana nafasi kwa sababu wanaliona pengo. Chukua futi ya kupimia. Kichwa cha lori pamoja na trela lenye kontena la futi arobaini vina urefu wa takribani mita 17, na ili vigeuke vinahitaji duara lenye upana wa mita 25 hivi. Ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo ndiyo ya kawaida katika vituo vyetu vya biashara, ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30. Lori litaingia, lakini haliwezi kugeuka. Litatoka kinyumenyume hadi kwenye barabara kuu, alfajiri, kukiwa na ukungu. Ikiwa uwanja wako hauruhusu lori kuingia kwa kichwa na kutoka kwa kichwa, jibu lako ni hapana, na huna haja ya kusoma hatua zinazofuata isipokuwa ile ya nane.

Baada ya upana, angalia juu. Kontena refu likiwa juu ya trela hufikia zaidi ya mita nne kutoka ardhini, kwa hiyo waya wa umeme unaovuka uwanja, boriti ya geti na paa la kituo cha mafuta ni vitu vya kupimwa, si vya kukadiriwa kwa macho. Sisi tuliliacha geti bila boriti ya juu, na waya wa kwenda kwenye ghala tuliomba kampuni ya umeme iuhamishe.

Kisha angalia chini, maana hapo ndipo nilipoumia. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, lori lenye ekseli sita linaruhusiwa uzito wa tani 50, na lenye ekseli saba tani 56. Kundi la ekseli tatu za nyuma pekee laweza kubeba tani 24. Mfuniko wa tangi la majitaka ulioundwa kwa ajili ya watu na magari madogo hauwezi kustahimili mzigo huo, wala bomba la maji lililozikwa nusu mita. Chora ramani ya uwanja kwa mkono, hata kama ni mbaya, uonyeshe tangi, mashimo, mabomba na nyaya zilizozikwa, kisha uzungushie sehemu hizo nguzo za chuma zilizojazwa zege. Rangi na mawe madogo hayamzuii dereva anayerudi nyuma gizani.

Udongo nao una tabia zake. Uwanda wa Kano, kuanzia Awasi hadi Ahero, una udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Lori lililoegeshwa juu yake mwezi wa Aprili linaweza kuhitaji kuvutwa. Huko huna budi kuondoa udongo huo na kuweka mawe makubwa yaliyoshindiliwa, kisha maram juu yake. Upande wa Nakuru udongo wa majivu ya volkano hubebwa na maji kwa urahisi, na mfereji wa kutoa maji ya mvua una umuhimu sawa na tabaka la mawe. Ukipenda kabro, usikubali zile za unene wa milimita 60 zinazowekwa kwenye viwanja vya nyumba. Omba za milimita 80 au zaidi, juu ya msingi ulioshindiliwa kwa mashine.

Mteremko uwe mdogo kiasi cha kutosha kuondoa maji tu. Breki za kuegeshea za malori haya hushikwa na springi na kuachiliwa kwa upepo, hivyo lori lililopoteza upepo usiku hujifunga lenyewe na haliondoki mpaka injini ijaze upepo tena. Hiyo ni kinga, lakini si sababu ya kuegesha mtelemkoni bila kabari kwenye magurudumu.

Hatua ya pili: Hakikisha ardhi ni yako na matumizi ni halali

Sehemu iliyo mbele ya duka lako, kati ya ukuta na lami, kwa kawaida si yako. Ni hifadhi ya barabara, na kwenye barabara kuu za kitaifa inasimamiwa na KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Huwezi kuikodisha, huwezi kumruhusu mtu kuegesha hapo, na ukipokea pesa kwa ajili yake unajiweka pabaya. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti. Mwenye biashara kati ya Rironi na Mau Summit alifanye hili mapema zaidi, kwa sababu ya mradi wa kuipanua barabara hiyo. Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu nayo inahitaji kibali cha KeNHA. Njia iliyochongwa kwa trekta bila kibali inaweza kufungwa.

Ikiwa utatoza ada, zungumza na ofisi ya kaunti kuhusu leseni ya biashara na uulize kama matumizi ya ardhi yako yanahitaji kubadilishwa rasmi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Uwanja wa duka ni jambo moja, na uwanja wa malori kumi na tano ni jambo jingine. Kama umepanga, soma mkataba wako wa upangaji: mpangaji hawezi kutoa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakupewa.

Mweleze pia wakala wako wa bima kwa maandishi. Bima ya duka haikuandikwa ikifikiria lori la tani 50, na bima ya lori la mgeni imeandikwa hasa kwa ajili ya barabarani. Omba bima ya dhima kwa watu wengine inayotaja magari makubwa kwa jina.

Hatua ya tatu: Amua nani anasema ndiyo

Teua mtu mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na uandike majina yao ndani ya ofisi. Mlinzi afungue geti, lakini asitoe ruhusa na asipokee fedha. Malipo yote yaende kwenye Till ya M-Pesa ya biashara, ambayo namba yake imechorwa ukutani kwa rangi, na risiti itolewe kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya ushuru (KRA), kwa kuwa kampuni za usafirishaji zinaihitaji katika hesabu zao. Tangu tulipofanya hivyo, habari ya pesa za getini ilikwisha bila kumfukuza mtu.

Bango la getini liwe fupi na lisomeke kwa taa za lori. Letu linasema: «Uwanja huu ni mali ya binafsi. Malori yanaegeshwa kwa ruhusa ya ofisi pekee, kabla ya kuzima injini. Piga simu hii saa zote.» Kisha namba. Bango lenye makatazo kumi halisomwi, na bango lisilo na namba ya simu humwacha dereva mwaminifu bila mlango wa kubisha.

Hatua ya nne: Andika makubaliano, na usichukue ufunguo

Hapa ndipo watu wazuri wanapojifunga wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna tofauti kubwa kisheria kati ya kumpa mtu nafasi ya kusimamisha gari na kulipokea gari ulitunze. Anayetoa nafasi anawajibika kwa usalama wa mahali penyewe: Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya anayekalia mahali, inamtaka awe na uangalifu wa kiasi kinachofaa kwa wageni wake, na bango la onyo halimwondolei wajibu huo ikiwa onyo lenyewe halimwezeshi mgeni kuwa salama. Lakini anayelipokea gari alitunze anaingia katika wajibu mzito zaidi. Mali ikipotea mikononi mwake, ni yeye atakayeulizwa alifanya nini kuilinda. Mahakama haitaangalia tu jina ulilolipa karatasi yako. Itaangalia matendo, na tendo linalosema zaidi kuliko yote ni kuupokea ufunguo. Mwenye hoteli anayeweka funguo za malori manane kwenye droo «ili tuyasogeze asubuhi» huenda amejifanya mtunzaji wa malori manane na shehena zake, bila kulipwa kwa kazi hiyo na bila bima yake. Acha ufunguo ukae na dereva, na dereva au taniboi wake alale kwenye lori au mahali anapoweza kupatikana kwa simu.

Epuka pia maneno yanayofanana na upangaji. Usiandike «kodi ya mwezi kwa ajili ya nafasi namba tatu» ikiwa nia yako ni ruhusa ya usiku mmoja mmoja. Ukimpa mtu eneo lake peke yake kwa muda mrefu kwa malipo ya kila mwezi, siku ya kumwondoa atasema yeye ni mpangaji.

Karatasi yetu ni ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Juu yake kuna jina la dereva, simu yake, jina na simu ya mwajiri, namba ya kichwa na namba ya trela. Zote mbili ni lazima: trela za Kenya zina namba zao zinazoanza na herufi Z, na vichwa hubadilishana trela, hivyo lori lililoingia na trela moja laweza kutoka na jingine usipoandika. Maneno yanayofuata ni haya, na unaweza kuyatumia baada ya wakili wako kuyaona:

«Mwenye uwanja anamruhusu dereva aliyetajwa kuegesha lori hili mahali palipoandikwa namba, kuanzia saa na tarehe ya kuingia hadi saa na tarehe ya kutoka zilizojazwa hapa. Ruhusa hii ni ya kuegesha peke yake na haitoi haki yoyote juu ya ardhi. Lori, mafuta na mzigo vinabaki mikononi mwa dereva. Biashara inatoa geti lenye mlinzi, taa, maji na choo. Haiwajibiki kwa hasara ya mzigo isipokuwa hasara hiyo imetokana na uzembe wa watumishi wake. Dereva atalipa ada iliyotajwa na atafidia uharibifu atakaousababisha. Hakuna kupakua, kuhamisha mzigo, kuuza mafuta wala kufungua sili ndani ya uwanja huu. Ruhusa ikiisha, lori litaondoka. Likichelewa, dereva ataijulisha ofisi kabla ya saa ya kutoka.»

Andika saa pamoja na neno lake: saa 12 asubuhi, saa 3 usiku. Tuliwahi kuandika tarakimu 6 peke yake tukikusudia alfajiri, na dereva akaielewa kuwa saa sita mchana. Kwa kuwa lori lake lilikuwa limeziba mengine matatu, asubuhi nzima iliharibika.

Hatua ya tano: Pokea lori lenyewe

Lori likifika, lisimame ndani ya geti, nje ya barabara, kabla ya mazungumzo yoyote. Mtu aliyeteuliwa alizunguke pamoja na dereva, akiwa na tochi, na kupiga picha nne: mbele, nyuma na ubavuni pote. Picha ya nyuma ionyeshe sili. Kioo kilichopasuka zamani, turubai lililochanika na bampa lililopinda viandikwe kwenye karatasi, dereva atie sahihi.

Nakili namba ya kitambulisho chake kisha umrudishie papo hapo. Kumnyang'anya dereva kitambulisho kama rehani ni kumwacha bila hati anayoihitaji kwa polisi. Daftari lenye majina na namba za watu, pamoja na picha za kamera za usalama, vinaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo daftari lisiachwe wazi getini kila apitaye alisome, na pawe na tangazo kwamba kamera zipo.

Muulize swali moja ambalo wengi hawaulizi: mzigo huu ni wa hapa nchini au ni wa kupita kwenda nchi nyingine? Mzigo wa kupita uko chini ya forodha kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na hulazimika kufuata njia zilizotangazwa. Tangu mwaka 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda huyafuatilia makontena hayo kwa sili za kielektroniki zinazotoa ishara kila mahali. Lori likiiacha njia yake au sili ikiguswa, chumba cha udhibiti hupata habari, na kikosi cha kuchunguza hutumwa. Kama uwanja wako uko kilomita kadhaa ndani kutoka barabara kuu, usilipokee lori la mzigo wa kupita. Kama uko kandokando ya njia, mtake dereva amjulishe mwajiri wake kwamba amesimama hapo, na uandike saa aliyompigia.

Hatua ya sita: Panga malori kwa akili

Dereva wa Kenya hukaa upande wa kulia, na upande wake wa kushoto anaporudi nyuma ni giza. Kwa hiyo weka nafasi za kuegesha upande wa kulia wa njia ya ndani, ili arudi nyuma akielekea upande anaouona. Nafasi ya upana wa mita 4 na urefu wa mita 20, ikiwa imelazwa kwa mshazari, inamfaa karibu kila mmoja. Nusu ya uwanja wako itakuwa njia, na hiyo nusu usiiuze hata siku ya Jumamosi jioni wanapokusihi.

Makontena yaegeshwe milango ikitazama ukuta au ikitazamana kwa karibu, kiasi kwamba hakuna mlango unaoweza kufunguliwa. Ni kinga rahisi isiyogharimu shilingi. Wanaoondoka mapema wakae mbele. Malori yenye friji, ambayo mashine zake hunguruma usiku kucha, yakae mbali na madirisha ya jirani na ya madereva wengine.

Matangi ya mafuta ni suala tofauti. Kuna bohari za mafuta Nakuru, Eldoret na Kisumu, na malori ya matangi hayakosekani katika barabara zetu. Ushauri wangu kwa mwenye hoteli, duka au mashine ya kusaga ni kuyakataa, yawe yamejaa au matupu, kwa sababu tangi tupu lina mvuke unaoshika moto kwa urahisi kuliko mafuta yenyewe. Aliyekuwa Molo au Nakuru tarehe 31 Januari 2009 hahitaji kuelezwa: lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Waelekeze madereva hao kwenye vituo vilivyoidhinishwa na ambavyo vina vifaa vya kuzima moto vya kiwango hicho.

Kwa malori ya kawaida, weka mitungi ya kuzimia moto ya unga mkavu mahali panapoonekana, na utenge banda la kupikia. Dereva aliyetoka Mombasa atapika. Usipompa mahali, atawasha jiko kati ya magurudumu.

Hatua ya saba: Usiku

Walinzi watoke kwenye kampuni iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, na mzunguko wao uandikwe kila saa. Kazi kubwa ya usiku ni dizeli. Kuna wanaoinyonya kutoka kwenye tangi dereva akiwa amelala, na kuna dereva anayeiuza mwenyewe kwa mitungi ya lita ishirini. Yote mawili ni wizi, na mwenye uwanja anayenunua au anayefumba macho anaweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Tumeweka sharti kwamba mtungi wowote hauvuki geti baada ya saa 1 jioni, hata ukiwa wa maji ya jirani.

Watoto wasiingie uwanjani usiku kwa sababu yoyote. Choo na bafu viwe safi na viwe na taa. Dereva asigongewe mlango usiku wa manane kwa jambo linaloweza kusubiri alfajiri. Mtu huyu kesho anateremka Webuye au Kericho akiwa na tani 50 mgongoni.

Hatua ya nane: Lori ambalo hukuliruhusu, au lisilotaka kuondoka

Ukifungua biashara asubuhi na kukuta lori limeziba geti lako, mtafute dereva kwanza. Mara nyingi yuko kwenye kibanda cha chai kilicho karibu. Namba ya simu ya kampuni huwa imechorwa mlangoni mwa kichwa. Ipige, na ueleze mahali lori lilipo bila matusi. Msimamizi wa malori aliyepo Mombasa kwa kawaida humpata dereva wake haraka kuliko wewe. Wakati huohuo piga picha zinazoonyesha saa, na uandike hasara unayoipata: wateja waliorudi, gari la mzigo lililoshindwa kuingia.

Asipopatikana, nenda kituo cha polisi, toa taarifa na uchukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Lori likiwa limeziba barabara ya umma au hifadhi yake, polisi wana mamlaka ya kuliondoa. Likiwa ndani ya ardhi yako, Sura ya 294 inayohusu kuingia katika ardhi ya mtu bila idhini inakupa msingi wa kulalamika, lakini kabla ya kuitegemea hakikisha kwamba bango lako lilikuwepo na kwamba hakuna mtumishi wako aliyesema ndiyo. Jina la mmiliki wa gari linaweza kupatikana kwa kuomba rekodi yake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Usitoe upepo kwenye magurudumu. Usilifunge minyororo, usiite gari la kuvuta kwa uamuzi wako, na usiuzuie mzigo kwa sababu dereva anadaiwa ada ya usiku tatu. Mzigo si wa dereva, mara nyingi si wa mwenye lori pia, na kontena la mzigo wa kupita likizuiliwa au kufunguliwa uwanjani kwako utajikuta unajibu maswali ya forodha kwa sababu ya shilingi elfu moja. Deni na uharibifu vina njia yake: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Karatasi yenye sahihi, picha nne na risiti za fundi ndizo utakazopeleka. Lori likiwa limetelekezwa kabisa, jambo linalotokea kampuni zinapofilisika, muone wakili kabla ya kuligusa.

Kuna hali moja ya kuwa mpole. Mwaka 2020, wakati wa upimaji wa korona mpakani, milolongo ya malori ya Malaba na Busia ilirudi nyuma kilomita nyingi, na madereva walikaa siku kadhaa bila maji wala choo. Ikitokea tena, ongeza muda kwa maandishi, siku kwa siku. Ukarimu wa aina hiyo hauondoi karatasi. Unaongeza mstari mmoja tu juu yake.

Kwa dereva anayetafuta mahali

Anza kutafuta jua likiwa bado lipo, kwa maana saa 2 usiku utakubali chochote. Simama pasipoziba geti, shuka, uvuke kwa miguu hadi ofisini, na uulize nani mwenye idhini. Ruhusa ya mlinzi si ruhusa ya mwenye mali, na mia mbili uliyoiweka mkononi mwake haitakutetea asubuhi. Hata kama hakuna karatasi, mtumie mwenye uwanja ujumbe mfupi: jina lako, namba mbili za gari, umeruhusiwa na nani na utaondoka saa ngapi. Ujumbe huo unatosha kuwa ushahidi kwa pande zote mbili.

Nunua kitu ikiwa ni hoteli au duka. Uliza palipo na tangi la majitaka kabla ya kurudi nyuma. Weka kabari, funga kofia ya tangi la dizeli, piga picha ya sili na uitume kwa mwajiri. Alfajiri, jaza upepo wa breki ukiwa mbali na madirisha kama unaweza, zunguka lori lote kwa tochi, gusa kila sili na kila tairi, okota takataka zako, na kama umemwaga mafuta au umevunja kabro, liseme kabla geti halijafunguliwa, wakati mwenye uwanja bado anaweza kuliandika kwenye karatasi yenu nanyi wawili mkatia sahihi.